Bibi yangu ana mimba ya miezi saba, uso umefura na kichwa hakiachi kuuma, mama anasema ni kawaida

Mjengo_Nakuru
Wadau naomba ushauri na msinicheke. Mimi nafanya mjengo huku Nakuru, bibi yuko nyumbani kwetu nje kidogo ya Ahero na mama yangu, mimba ya kwanza, miezi saba. Tangu juzi analia kichwa, kinagonga hapa mbele na akiangalia simu anaona nyota nyota. Mama alijua ni malaria akamnunulia dawa kwa kemisti, amemeza na kichwa bado kiko. Leo amenipigia video nikaona uso umefura mpaka macho yamekuwa madogo na pete haitoki kwa kidole. Mama anasema hata yeye alifura hivo hivo akiwa na mimi, ati ni dalili ya kijana, tungoje kliniki ya wiki ijayo na kuna nyamrerwa (mkunga wa kienyeji) jirani atamkanda tumbo. Sitaki kumkosea mama heshima nikiwa huku mbali lakini usingizi umekataa. Ni kawaida ama nisafiri?

Sista_wa_Maternity
Usisafiri, piga simu. Ukitoka Nakuru sai ni masaa unapoteza na huyo msichana anatakiwa kupimwa leo, si kesho. Miguu kufura jioni wengi wanafura, hiyo haitutishi sana, lakini uso na mikono, pamoja na kichwa kisichosikia dawa na hizo nyota, mimba ikishapita wiki 20, sisi tunahesabu ni presha ya mimba mpaka ipimwe ionekane siyo. Wanapima mkono, wanatumbukiza kijiti kwa mkojo kuangalia protini, dakika chache imeisha. Kuanzia 140/90 ni shida, ikifika 160/110 hiyo ni emajensi. Tunachoogopa ni kifafa cha mimba, mama anaanza kurusha mikono na watu wanasema amerogwa, anapelekwa maombi. Kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia hiyo na si ya bei kali, lakini nyamrerwa hana na kemisti hana.

Halafu hii maneno ya malaria, huku kwa ziwa kila kichwa ni malaria. Ni kweli iko, ndio maana kliniki inawapa wajawazito neti na Fansidar, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13, lakini malaria inapimwa, hainunuliwi kwa kukisia.

Aende hospitali ya Ahero moja kwa moja na kijitabu cha mama na mtoto mkononi, wakiona ni kubwa wampeleke Jaramogi, hospitali kubwa ya rufaa Kisumu. Akianza kuumwa chini ya mbavu upande wa kulia, akiona damu, ama mtoto apunguze kucheza, hakuna kungoja wa boda amalize chai.

Jakano
Mnatisha kijana bure. Nyanya yangu alizaa tisa, nyamrerwa akawapokea wote. Siku hizi unaingia hospitali mzima unatoka umepasuliwa na bili juu.

MamaPacha_Kondele
Jakano na heshima zako, walioharibikiwa hawako hapa kutujibu. Na nyamrerwa wa kwetu siku hizi hata hazalishi, anakusindikiza mpaka wodi. Mimi mwenyewe, ni yeye aliniangalia uso akamwambia mama mkwe niende hospitali, pacha wangu wako darasa la pili.

Wewe wa Nakuru, shida yako si ugonjwa peke yake, ni nani anaamua hapo boma. Usimwambie mama amekosea. Mwambie "mama wewe ndiye nategemea, mpeleke tu apimwe presha, nikisikia iko sawa nitatulia". Akiwa ni yeye anampeleka hawezi sema umemdharau. Nauli tuma kwa simu ya bibi (usiniulize kwa nini), na wa boda umpigie mwenyewe, kama mto Nyando umemwaga maji wapitie juu kwa lami hata kama ni mbali.

Mjengo_Nakuru
Nimerudi. Mama alianza na ukali, ati nafundishwa na watu wa intaneti, nikamwambia hiyo maneno ya MamaPacha akanyamaza, alafu akasema sawa, ya kupimwa tu. Presha 168/112 na mkojo una protini!! Wamemdunga matako yote mawili na sai wako kwa ambulansi wanaenda Jaramogi, mama yuko naye. Daktari amesema anaweza zalishwa kabla ya wakati. Wa miezi saba anaishi kweli? Na SHA, hii bima ya afya ya serikali, sijalipa, mimi ni kibarua.

Sista_wa_Maternity
Afadhali wamefika. Hiyo sindano ya matako ndiyo magnesiamu niliyokwambia. Uliza ni wiki ngapi kamili, juu "miezi saba" ya nyumbani inaweza kuwa 28 ama 32 na hizo si kitu kimoja. Ugonjwa wenyewe unaanza kuisha mtoto akitoka, dawa zingine ni za kununua muda. Wakipata nafasi watamdunga mama za kukomaza mapafu ya mtoto. Wengi wa wiki hizo wanaishi, wanafungwa kifuani ngozi kwa ngozi na mama, hata baba anaweza kubeba kwa hivyo jiandae kuvua shati. Akishazaa asiharakishwe kurudi nyumbani, kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Na sai ndio unaweza kusafiri. Beba ndugu wawili watatu wa kutoa damu.

Boda_Katito
Ya SHA piga *147# ujiandikishe na umweke bibi kama mtegemezi wako. Lakini sisi wa vibarua kujiandikisha peke yake hakulipi kulazwa, lazima mchango wa mwaka mzima uingie mara moja, wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi kwa hivyo 3,600. Ukikosa nenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali mapema, usingoje bili ifike juu ndio uanze kulia.