Mmekata matawi, marabu bado wapo. Na lile lundo la mifupa je?

Wadau, leo nimejaa hadi pomoni. Nimefika steji ya karibu na Uwanja wa Nyayo, Nairobi, saa moja asubuhi, shati jeupe, viatu vinang'aa, kisha pwaa! Kinyesi cha marabu, yule korongo mkubwa. Si kama cha njiwa ambacho unafuta na leso ukaendelea na safari. Hiki ni kikombe kizima cha chokaa, na kinanuka samaki wa juzi. Kondakta akasema, "Buda, hiyo ni baraka," halafu akaninyima kiti cha mbele.

Ni mara ya tatu tangu Januari. Siku hizi natembea na mwavuli jua likiwaka, watoto wa shule wananicheka.

Ndege mwenyewe sina ugomvi naye. Alikuwa hapa kabla ya lami. Hata ile miguu mnayoona myeupe si rangi yake, anajinyea makusudi ili ipoe. Alikuwa akifuata mizoga huko mbugani. Sisi ndio tuliomwandalia karamu mjini. Jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na malori yanamwaga mpaka leo. Dagoretti kuna machinjio. Arudi porini kutafuta nini?

Kilichonichoma ni hiki. Mwezi jana nilikwenda ofisi inayohusika, nikaomba jambo moja tu: waondoe lundo la mifupa na matumbo nyuma ya mabucha. Wakatuma vijana na misumeno! Wakakata matawi ya mgunga yakiwa na viota, vifaranga ndani. Kifaranga cha marabu hukaa kiotani zaidi ya miezi 3, na hawa walikuwa bado na manyoya ya pamba. Wawili waliangukia paa la kibanda cha mama chai. Mmoja alifia papo hapo, wa pili sijui aliishia wapi.

Lundo? Lipo, tena limenenepa. Na wale wakubwa wamehamia mgunga wa pili, hatua kama ishirini hivi, juu kabisa ya foleni ya abiria.

Wiki jana nimerudi kule. Karani ananiuliza kama nina barua. Barua kutoka kwa nani, kwa marabu?

Mwenye picha za lundo hilo zenye tarehe aziweke hapa, niende nazo Jumatatu. Na kama kuna dobi humu anayeweza kutoa doa hili kwenye pamba nyeupe, aseme bei.