Kaweka NUKTA baada ya "raining", halafu mimi ndiye nirudi chekechea?!

Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule wa "kiima kipo, kitenzi kipo, sentensi imekamilika". Sasa hivi kwenye insha ya mfano ya Kiingereza kaandika "Because it was raining." Nukta! Namuuliza kwa adabu kishazi huru (kile kinachosimama peke yake kama sentensi) kiko wapi, ananijibu nirudi chekechea. Mvua inanyesha, tumekodoa macho tujue kilichotokea, mwenzetu kashafunga duka.

Ondoa "because" uone: "It was raining." Kinajitegemea. Irudishe, kinakuwa tegemezi, kinadai mwenzake: "Because it was raining, we stayed inside." Mkato umekaa pale kwa kuwa tegemezi kimetangulia. Kipeleke mwisho, "We stayed inside because it was raining", mkato hauhitajiki. Yeye nukta. NUKTA!

Kalamu_Kavu: Shusha presha mkuu. Mtu akiulizwa "Why did you stay?" akajibu hivyohivyo, kosa liko wapi? Kishazi huru kimo kwenye swali.

Mleta uzi: Nani kamuuliza? Ni INSHA!

Bi_Sarufi: Huyo afadhali. Kuna wa "Although it was late, but we went." Wanahamisha "ingawa... lakini" yetu mzimamzima. Kwa Kiingereza "although" imeshaunga, "but" inaunga nini tena? Chagua moja, ufute nyingine.

Mzee_wa_Mkato: Na "I don't know where is he"? Hapo si swali tena, ni kishazi nomino, yaani kinakaa mahali pa nomino. Kiima kwanza: "where he is". Naona hili kila siku, hata kwa wanaojiita wahariri.

Kalamu_Kavu: "If I will see him" mmeisahau? "If I see him, I will tell him." Hata kama ni keshokutwa, "will" haikai upande wa "if" ya sharti.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa nukta.

Mzee_wa_Mkato: Mikato ndiyo balaa. "My brother who lives in London is ill": kaka wako kadhaa, tunabainisha yupi. "My brother, who lives in London, is ill": kaka ni huyo mmoja, London ni nyongeza. Mikato hiyo miwili ikisahauliwa, umeongeza ndugu.

Bi_Sarufi: 😂😂 Na kwenye hiyo ya nyongeza, ikiwa ni kitu, "that" inaruhusiwa?

Mzee_wa_Mkato: "Which" tu. "The car, which was old, broke down."

Mleta uzi: Chekechea, jamani. Kaniambia chekechea.

Kalamu_Kavu: Mzee, na "whose" kwa vitu je?