Lehemu ya mama haijapanda, statini ni ya nini?

Muulizaji
Shikamoni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61 na anaishi na kisukari. Daktari amemwandikia atorvastatini miligramu 20 kila usiku, ilhali majibu ya maabara yanaonyesha kwamba lehemu (kolesteroli) yake iko ndani ya kiwango. Aliambiwa tu kuwa dawa hiyo inalinda mishipa. Mama hamezi kidonge asichokielewa, nami nimeshindwa kumfafanulia.

Mfamasia
Marahaba. Statini, kundi la dawa za kushusha lehemu ambamo atorvastatini imo, huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Katika njia hiyohiyo hutengenezwa pia molekuli nyingine ndogo, ambazo huziwezesha protini kama ile iitwayo Rho kufanya kazi ndani ya seli za utando wa ndani wa mshipa. Rho inapofanya kazi kupita kiasi, seli hizo hutoa oksidi ya nitriki kidogo, nayo ndiyo gesi inayoulegeza mshipa na kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Ndiyo maana statini huweza kuusaidia mshipa utanuke vizuri. Ila mimi naona kubwa zaidi ni hili: mara nyingi shambulio la moyo hutokea pale tabaka la mafuta lililojijenga ukutani linapopasuka, damu ikaganda juu yake. Statini hupunguza uvimbe (inflamesheni) ndani ya tabaka hilo, na ngozi inayolifunika huwa imara zaidi.

Daktari
Maelezo ni sahihi, lakini tusitie chumvi. Katika utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008, watu 17,802 ambao LDL yao (ile iitwayo lehemu mbaya) haikuwa juu, ila kipimo cha uvimbe cha CRP kilikuwa juu, walipewa rosuvastatini, ambayo ni statini nyingine, au kidonge kisicho na dawa. Waliopata dawa walipungukiwa na matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 44. Hata hivyo, LDL yao nayo ilishuka kwa nusu, kwa hiyo ni vigumu kusema faida ipi ilitoka wapi. Isitoshe, ezetimibu, dawa ya kushusha lehemu isiyo statini na ambayo hufanya kazi utumboni, iliongeza kinga kwa kadiri ileile LDL ilivyoshuka. Kwa mama, sababu kuu ni kisukari chenyewe: hicho "kiwango cha kawaida" hakikuwekwa kwa kuangalia hatari aliyo nayo yeye.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, ni lazima ameze usiku? Huwa anasahau.

Mfamasia
Atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo anaweza kuimeza asubuhi pamoja na dawa zake za sukari. Akipata maumivu ya misuli yasiyoelezeka, arudi kliniki kabla ya kuiacha.