Naomba ushauri: kifaa cha mtumba cha kukata bakuli ndani ya bakuli

Wakuu, habari za kazi. Nakereza mabakuli ya mbao hapa Arusha, zaidi mninga. Kinachoniuma ni maranda: gogo la bei mbaya linatoa bakuli moja, nyama yote ya katikati inaishia kwenye gunia. Ndugu yangu aliyeko Ontario amenionea Oneway Easy-Core iliyotumika, ile yenye visu vilivyopinda vinavyozungukia kwenye egemeo.

Picha nimeziona. Visu viwili, ila mkono wa kukibeba kisu ni mmoja tu, na ninavyojua kila kisu kina mkono wake wenye mpindo uleule. Muuzaji anadai huo mmoja unaingia kote. Mh! Halafu ncha ya kisu kikubwa inaonekana imeliwa upande mmoja.

Waliowahi kukitumia, nimwambie ndugu akague nini kabla hajalipa? Nimefikiria alaze kisu juu ya kioo aone kama hakijapinda, na atikise egemeo asikie kama linacheza. Na ule mguu wa kusimamishia kifaa juu ya mashine ya kukereza ukija mfupi kuliko kimo cha mashine yangu, fundi wa kuchomelea anaweza kuurefusha bila ncha kuhama senta? Mota yangu ni hospawa 1.5, na mkanda tayari unateleza nikikandamiza.

Kama kuna mwenye Woodcut au McNaughton, vifaa vingine vya kazi hiihii, anieleze tofauti. Bei sitaji kwanza, msije mkanicheka.