Mbeleko ya kisasa ya "pamba asilia" au nibaki na kanga? Mtoto ana miezi miwili

mama_naila
Wapendwa habari za mchana, naombeni ushauri. Nina binti wa miezi miwili na nataka nianze kurudi dukani taratibu, sasa nahitaji mikono iwe huru. Nimeona mtandaoni hizi mbeleko za kisasa za mikanda na vifungo, nyingine zimeandikwa pamba asilia, rafiki wa mazingira, ila bei yake jamani! Mama mkwe anasema chukua kanga mfunge mgongoni yaishe. Mi sitaki kumbana mwanangu kwenye nailoni na joto hili la Dar, lakini mgongoni naye bado naona ni mdogo sana. Ipi ni salama, na ipi kweli haiharibu mazingira?

baba_wawili
Dada yangu, nguo ambayo tayari ipo kabatini kwako inaishinda yoyote ya kuagiza, maana haijalimiwa pamba nyingine, haijatiwa rangi upya wala haijapanda meli. Cha kuangalia ni kama kweli ni pamba, kwa sababu siku hizi kanga na vitenge vingi sokoni ni poliesta au mchanganyiko. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome (nje, mbali na mtoto). Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka inaganda kijidonge kigumu. Ukiona kijidonge achana nayo, mtoto atatoka jasho na vipele.

Ukiamua kununua, maneno "asilia" na "rafiki wa mazingira" peke yake yasikubabaishe, yeyote anaweza kuyachapisha. Tafuta lebo ya GOTS, hiyo inafuatilia pamba ya kilimo hai mpaka kwenye rangi na kiwanda. OEKO-TEX Standard 100 inamaanisha nguo imepimwa kemikali zenye madhara, ni kitu kizuri kwa ngozi ya mtoto ila haisemi pamba ililimwaje. Na inaniuma kwamba pamba hai inalimwa hapa hapa kwetu Meatu, halafu sisi tunauziwa mbeleko kutoka nje kwa bei hizo.

nesi_wa_kliniki
Mama Naila hongera kwa binti. Kabla ya kitambaa tuongelee pumzi, maana hapo ndo watoto wanapotea. Mtoto mdogo shingo haijakaza, akikunjika kidevu kikagusa kifua njia ya hewa inabanwa, na halii wala hahangaiki, ananyamaza tu. Mwaka 2010 Marekani kampuni ya Infantino ilizirudisha kutoka sokoni mbeleko za begani kama milioni moja, aina za SlingRider na Wendy Bellissimo, baada ya vifo vya watoto watatu, zile za kumlaza mtoto amejikunja kama ndani ya mfuko. Ukikutana na ya muundo huo hata kwenye mitumba usinunue.

Kwa umri wake mbebe mbele, wima, kifua chake kwenye kifua chako. Uso uuone muda wote bila kufunua kitu, kidevu kiwe juu kidogo vidole viwili vipite chini yake, na awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini. Kitambaa kikaze, kikilegea atateleza na kujikunja. Mgongoni subiri shingo ikaze vizuri, wengi ni kuanzia miezi minne na kuendelea. Kama alizaliwa njiti au na uzito mdogo, au ana mafua yanambana kifua, pita kliniki kwanza.

bibi_tanga
Wanangu, sisi tumewabeba mgongoni wote na wamekua. Sikatai ya nesi, lakini msiiogope kanga, ogopeni kufunga vibaya. Nawaona mabinti wa siku hizi wanafunga juu juu, miguu ya mtoto inaning'inia imenyooka. Kanga ipite chini ya makalio yake mpaka nyuma ya magoti, miguu ikukumbatie kiuno, magoti yawe juu kuliko makalio, ndipo uvute juu mpaka usawa wa mabega yake na ukaze fundo kifuani. Unapojifunza mtu asimame nyuma yako, au ukae kitandani, hata akiteleza aangukie godoro.

nesi_wa_kliniki
Bibi shikamoo, hiyo ya magoti naiunga mkono kabisa. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja muda mrefu, nyonga za mtoto mchanga zinaweza kukaa vibaya. Ndo maana hata mbeleko ya kisasa yenye kitako chembamba kinachoshika katikati ya mapaja tu siipendi, kitako kifike goti hadi goti.

mama_t_mombasa
Mimi nilinunua yangu mtumba, mtoto wa pili saa hii anaitumia, na naona hiyo pia ni kutunza mazingira. Lakini kagua mishono yote pale mikanda inapoungana na kiuno, vuta kwa nguvu, funga na fungua kila kifungo, plastiki ikiwa na ufa hata mdogo irudishe. Ifue na sabuni ya kawaida, bila dawa za kulainisha nguo, mtoto ataitafuna hiyo mikanda. Na mpenzi, ukipika au ukiwa na chai ya moto mtue kwanza. Bodaboda pia hapana, mbeleko haimkingi na ajali.

mama_naila
Asanteni sana jamani, bibi shikamoo. Kanga zangu nimezichoma uzi, mbili ni pamba kabisa. Sasa kwa mbele, kanga moja itatosha kumfunga?

nesi_wa_kliniki
Kwa mbele kanga moja ni fupi, haizunguki vya kutosha kumshika mtoto asiyekaza shingo. Nunua mita tano hivi za kitambaa cha pamba kilichofumwa, chepesi, upana wa sentimita 70 kinatosha, fundi akupindie kingo tu. Kipite tumboni, kikatize mgongoni, kirudi mabegani na kumshika mtoto tabaka zaidi ya moja. Kwa joto la kwenu mvalishe nguo moja nyepesi maana kitambaa nacho ni nguo, na uwe unamshika shingo kwa nyuma, ukikuta jasho mtoe apate hewa. Njoo nacho kliniki siku ya chanjo, mwombe nesi aangalie unavyofunga. Kanga zako mbili ziweke, zitakufaa akikaza shingo.