Matembezi ya kuangalia ndege Oktoba: Hawk Mountain, Tinicum au Bombay Hook?

Kutoka: Katibu wa matembezi

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Wazo la orodha yetu ya wazungumza Kiswahili wa Pennsylvania na Delaware, la kwenda kuangalia ndege, limepita, miguno na yote. Tarehe ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Kilichobaki ni mahali, na hapo naona kila mtu anavutia kwake. Wa Allentown na Reading wanataka Hawk Mountain, hifadhi ya mlimani, kwa sababu iko mlangoni kwao. Wa Upper Darby na Southwest Philly (Philadelphia) wanasema Tinicum, hifadhi ya kinamasi. Wa Delaware mmekaa kimya, ila tunajua mnataka Bombay Hook, hifadhi ya mabwawa ya kwenu. Naomba kila aliyewahi kufika atueleze mahali pake panamfaaje mwenye watoto, mwenye wazazi waliokuja kutembea, na asiye na gari. Tusichague kwa picha za Instagram.

Halafu: tukisema saa mbili asubuhi, ni ile ambayo simu inaandika 8:00. Pikiniki iliyopita kuna vijana wetu waliozaliwa huku walisikia "saa mbili" wakaja saa nane mchana, wakatukuta tunakunja mikeka.

Kutoka: Baba wa Allentown

Katibu, ahsante. Hawk Mountain ni jirani yangu kwa hiyo sitajifanya sina upande.

Zamani mlima ule ulikuwa machinjio. Mwaka 1929 jimbo la Pennsylvania liliweka zawadi ya dola 5 kwa kila kozi wa aina ya goshawk atakayeuawa, basi vuli ikifika watu wanapanda na bunduki na kufyatua chochote chenye mabawa kinachopita. Mwaka 1934 mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, akaukodi mlima, akamweka Maurice Broun kuwa mlinzi, na milio ya bunduki ikaisha. Broun akaanza kuhesabu ndege wanaopita, na kazi ya kuhesabu ipo mpaka leo. Mwandishi Rachel Carson alipoandika mwaka 1962 juu ya madhara ya DDT, dawa ya kuua wadudu, alizitumia hesabu hizo: tai wachanga walikuwa wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Leo tai mwenye kichwa cheupe akipita pale watu wanainua tu kikombe cha kahawa na kuendelea na mazungumzo.

Sasa hali halisi. Kuna sehemu mbili za kuangalia. South Lookout iko karibu na mwanzo wa njia, hata bibi mwenye fimbo atafika. North Lookout ndiyo yenyewe, ila ni kama maili moja ya kupanda, na mwishoni unatembea juu ya mawe. Ukifika juu unakaa kwenye jiwe, na jiwe la Oktoba lina baridi inayopenya suruali, kwa hiyo beba kimto. Mbele yenu mtaona vilima vimepangana kwenye ukingo wa Kittatinny, na wenyeji wamevipa namba. Mtu akisema "juu ya namba tatu", darubini zote zinageukia huko. Ukizijua hizo namba umeshakuwa mwenyeji, hata kama hujui jina la ndege hata mmoja.

Wenye imani zao wajiandae: pale juu wameweka bundi wa bandia kwenye mti. Kwetu bundi akitua kwenye paa watu hawalali. Pale wamemweka makusudi, kwa sababu vipanga hawampendi kabisa. Wakimwona wanashuka kumshambulia, nawe unawaona karibu kuliko darubini yoyote itakavyokuonyesha.

Mwisho wa Oktoba ni zamu ya kipanga mwenye mkia mwekundu, na ndio wakati tai wa dhahabu wanaanza kupita kwa wingi. Wale vipanga wa mabawa mapana wanaopita kwa mamia kwa siku moja msiwatafute, wao ni katikati ya Septemba na sasa wako njiani kwenda Amerika ya Kusini. Siku nzuri ni ile inayofuata baada ya baridi kuingia na upepo kugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi. Upepo ukigonga ukingo wa mlima unapanda juu, na ndege anaelea juu yake bila kupiga bawa hata mara moja. Upepo wa kusini ukivuma, mtakaa mnatazamana.

Ubaya wake: kuna kiingilio kwa asiye mwanachama, hakuna basi wala treni, na wikendi za Oktoba watu wanamiminika kuangalia rangi za majani, hivyo ukifika saa tano huna pa kuegesha.

Kutoka: Mama wa Upper Darby

Baba wa Allentown umetupandisha mlima bila kutuuliza tuna magoti gani 😂

Mimi nina watoto watatu, mdogo yuko kwenye kigari, na mama mkwe amekuja kututembelea. Tinicum, au kwa jina lake rasmi John Heinz National Wildlife Refuge, iko hapa hapa karibu na uwanja wa ndege wa Philadelphia. Ni bure. Ardhi ni tambarare. Asiye na gari anapanda treni ya Airport Line, anashuka Eastwick na kutembea kidogo. Kituo cha wageni kinaazimisha darubini, kwa hiyo asikwambie mtu ukanunue ya dola 300. Na kina choo cha maana, jambo ambalo wanaume wa orodha hii huwa hawalitaji.

Palitengwa kwa sheria mwaka 1972, kipindi ambacho kinamasi kile kilikuwa kinamezwa na jalala la taka na barabara kuu ya I-95. Ndege za abiria zinapita juu ya kichwa, kelele tupu, lakini korongo wa bwawani hashtuki. Anasimama kwenye maji mafupi, shingo ameikunja, hatingishiki mpaka unadhani ni kijiti. Mwanangu alikuwa anahesabu sekunde. Kufumba na kufumbua samaki yuko mdomoni, amelala kwa upana, na korongo anamgeuza polepole mpaka kichwa kitangulie, ndipo anammeza. Donge likawa linaonekana likishuka shingoni. Mama mkwe, ambaye asubuhi nzima alikuwa analalamikia baridi, akasema turudi Jumapili.

Utaona pia mabata maji ya kila aina, mdiria, vigong'ota, na tai wa kichwa cheupe.

Kutoka: Mzee wa Dover

Tumekaa kimya kwa adabu tu.

Bombay Hook mnapita barabara ya changarawe ya maili 12 kuzunguka mabwawa, mmo ndani ya gari. Wazee hawashuki, watoto wakilala wamelala. Gari lenyewe ni maficho, maana ndege hawaliogopi gari kama wanavyoogopa mtu. Kuanzia Oktoba mabata bukini meupe yanashuka kutoka kaskazini ya mbali ya Kanada, maelfu kwa maelfu. Tai akipita juu yao yanainuka yote kwa pamoja, na kelele yake hata vioo ukifunga unaisikia.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1937. Jambo ambalo vijana wetu hawaambiwi: kazi ngumu ya kusafisha mabwawa na kujenga kingo ilifanywa na kikosi cha vijana Weusi wa CCC, mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira, kati ya 1938 na 1942, wakiwa kwenye matope na mbu wa Delaware. Siku mkiizunguka barabara ile, muwaambie watoto.

Kuna ada ndogo ya kuingiza gari. Hapo nina mbinu mbili. Moja, ile stempu ya bata, Duck Stamp, ya dola 25, inakuingiza bure kwenye hifadhi zote za taifa za wanyamapori zinazotoza kiingilio, kuanzia Julai hadi Juni mwaka unaofuata. Pili, kama una mtoto wa darasa la nne, anaandikishwa kwenye mpango wa Every Kid Outdoors, anapata pasi ya mwaka, na gari zima linaingia kwa jina lake. Darasa la nne tu. Wengi tunagundua mtoto akiwa la sita.

Na kwa wanaotamani nyumbani: yangeyange, yule anayefuata ng'ombe kwetu, alivuka bahari mwenyewe kutoka Afrika hadi Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1950 ameshaanza kuzaa Marekani. Hana viza, hana green card. Ila mwisho wa Oktoba wengi wao huku wameshashuka kusini, wanaijua baridi kuliko sisi.

Kutoka: Dada wa Lancaster

Jambo yenu wote. Siye tuko familia mbili za Bukavu, siku ya posho (Jumamosi) tunafanya kazi mpaka mchana, labda mara ingine. Ninauliza tu: batoto wanaweza kuokota manyoya ya ndege? Ya kwangu anayapenda sana.

Kutoka: Katibu wa matembezi

Dada wa Lancaster, karibuni sana, Novemba tutapanga na ninyi. Kuhusu manyoya: hapana. Kuna sheria ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama, na hata unyoya uliodondoka wenyewe huruhusiwi kuuchukua bila kibali. Apige picha.

Kutoka: Kijana wa Wilmington

Heshima zenu wakubwa. Niseme ambalo wengi wanalifikiria. Watu weusi kumi na tano na darubini, msituni, asubuhi. Mnakumbuka Central Park, mwisho wa Mei 2020, Christian Cooper, Mweusi mwenzetu, alikuwa anaangalia ndege tu, akamwomba mwanamke mmoja mzungu amfunge mbwa wake kamba, mwanamke akapiga simu polisi. Je, tumelifikiria hilo?

Kutoka: Mama wa Upper Darby

Mwanangu, tumelifikiria. Siku chache baada ya tukio lile vijana Weusi wapenzi wa ndege walianzisha wiki yao, Black Birders Week, na inafanyika kila mwaka tangu hapo. Ushauri wangu ni wa kawaida: tukae kwenye njia za hifadhi, tusielekeze darubini kwenye nyumba za watu, na tukifika tupite kituo cha wageni tusalimie. Kwa wapenzi wa ndege salamu ni "umeona nini leo?" Ukiuliza hivyo, dakika kumi zijazo si zako tena, utaonyeshwa picha za simu mpaka uchoke.

Kutoka: Nesi wa Reading

Kupe, jamani. Baridi ya kwanza haiwaui. Kupe wa kulungu waliokomaa, wanaoleta ugonjwa wa Lyme, wanatembea hasa Oktoba na Novemba. Suruali iingie ndani ya soksi, najua haipendezi. Msiketi kwenye majani marefu. Mkirudi, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika kumi kabla ya kufuliwa, kisha kaguaneni: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, na kwa wasichana kati ya mistari ya nywele. Ukimkuta ameng'ang'ania, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Hakuna mafuta ya taa, hakuna kiberiti, hakuna Vaseline. Mara nyingi anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa ameng'ata ndipo aambukize, kwa hiyo ukimtoa siku hiyo hiyo umejiokoa. Wekundu ukitokea au homa wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umwambie tarehe.

Kutoka: Katibu wa matembezi

Nimesoma yote, na simu za pembeni nimepokea.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kundi zima tunaenda Tinicum. Sababu ni mama mkwe, kigari na treni. Ndege maarufu zaidi wako mlimani, sawa, lakini mlimani nusu ya watu wetu wangebaki kwenye maegesho. Wenye magoti mema wajiandikishe kwa Baba wa Allentown kwa Hawk Mountain mwanzoni mwa Novemba. Siku haipangwi sasa, atatuma ujumbe upepo ukigeuka. Bombay Hook ni Jumapili moja ya Novemba, pamoja na Lancaster, baada ya Mzee wa Dover kuhakikisha kwenye tovuti ya hifadhi kwamba si siku ya uwindaji.

Kwa Tinicum: tukutane kituo cha wageni saa mbili asubuhi, 8:00. Jua siku hizo linachomoza kama saa moja na nusu, kwa hiyo hatujachelewa. Vaeni nguo kadhaa moja juu ya nyingine, si koti moja zito. Programu ya simu ya kutambua ndege, Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni bure, pakueni nyumbani pamoja na furushi la ndege wa eneo letu, maana baada ya hapo inatambua sauti hata bila mtandao. Inamsikiliza ndege, msiitumie kupiga sauti za kumwita, inawasumbua. Mabata hayalishwi mkate wala chapati.

Anayepanda gari la mwenzake na mtoto wa chini ya miaka minane aje na kiti chake cha mtoto. Ni sheria ya Pennsylvania, na dereva ndiye atakayepigwa faini.

Chai ya tangawizi nabeba mimi, chupa mbili kubwa. Sambusa za nyama ni za halali, za Mama wa Upper Darby. Bado tunatafuta mwenye viti vya kukunja, na nafasi za gari kutoka Reading zimebaki mbili.