Kizibao cha mfuko wa hewa kwa mwendesha pikipiki: cha kamba au cha elektroniki?

MlinziWaSeva

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni TEHAMA, upande wa seva. Umri umevuka arobaini na tano, watoto wamekua, na nimerudi kwenye pikipiki niliyoiacha tangu ujana. Helmeti ninayo, glavu na buti pia. Sasa nataka kulinda kifua, shingo na mgongo, maana mfupa wa umri huu ukivunjika hauna haraka ya kuunga. Naomba maoni ya waliovaa, si ya waliosoma matangazo.

Cha kamba nakielewa vizuri. Kamba inafungwa kwenye fremu ya pikipiki, ncha ya pili kwenye kizibao. Ukirushwa, kamba inafyatua sindano, sindano inatoboa kichupa cha kabonidayoksaidi, na mfuko unajaa kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Helite ya Ufaransa na Hit-Air ya Japani zimejenga jina kwa mtindo huu, na wazo lenyewe ni la zamani: Tamás Straub wa Hungaria alilisajili hataza mwaka 1976. Hakuna betri wala programu.

Cha elektroniki kina kompyuta ndogo mgongoni inayosoma vihisi vya mwendo na mizunguko mara 1,000 kwa sekunde, kisha inaamua yenyewe kama unaanguka. Kampuni ya Dainese ya Italia walikipeleka kwenye mbio, Valencia, Hispania, mwaka 2007. Kufikia 2018 waendeshaji wa kudumu wa MotoGP, mbio kuu za pikipiki duniani, walilazimika kuvaa mfuko wa hewa. Kwa hiyo sibishani na ubora wake.

Ninachobishana nacho ni kilichojulikana mwaka 2021 kuhusu Ai-1, kizibao cha elektroniki cha kampuni ya Klim, kinachotumia kompyuta ya kampuni ya In&motion. Unaweza kununua kompyuta hiyo moja kwa moja, au ukaikodi kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Ukichagua kukodi na ukaacha kulipa, muda wa nyongeza ukiisha, kizibao kinazimwa. Unabaki umevaa kitambaa na kichupa cha gesi kisichofyatuka.

Kazini nimeshuhudia mfumo mzima ukisimama usiku wa manane kwa sababu leseni ilikuwa imefungwa kwenye kadi ya benki ya mtu aliyekwisha hama idara. Mashine ni nzima, umeme upo, data ipo, ila hakuna kinachofanya kazi. Sitaki mbavu zangu ziwe kwenye mpango wa namna hiyo. Nipeni uzoefu.

KlachiKongwe

Karibu tena barabarani mkuu. Mimi ni wa kamba miaka mingi na sijutii. Nilitereza kwenye changarawe katikati ya kona, mwendo wa wastani. Nilichosikia kwanza ni mlio wa mfuko, ndipo nikasikia ardhi. Shingo ilikuwa imeshikwa kabisa, helmeti haikuweza kuyumba kwenda popote. Nilikaa pembeni ya barabara, nikabadilisha kichupa kwa spana ndogo ya pembe sita, nikaendelea na safari. Hilo la kujirekebishia mwenyewe lina uzito mkubwa kwangu.

Hofu ya wengi ni kusahau kufungua kamba wakati wa kushuka. Haifyatuki kirahisi. Inahitaji mvuto wa kilo 30 hivi, hivyo inakurudisha tu nyuma kidogo, unakumbuka. La kuogopa ni kusahau kuifunga. Mimi mkono unakwenda kwenye klipu kabla ya kwenda kwenye ufunguo, na hiyo tabia huijenga kwa wiki mbili tatu tu.

Kichupa nacho kikague. Uzito umechapwa kwenye chuma chake. Kiweke kwenye mzani mdogo wa kidijitali, kikipungua chini ya ulioandikwa, gesi imevuja. Tupa, weka kingine.

WodiYaDharura

Nampokea majeruhi wa pikipiki karibu kila zamu, na ninaendesha pia. Naomba tuongelee ajali zenyewe kabla ya leseni.

KlachiKongwe, ajali yako ndiyo kamba inayoiweza: umetengana na pikipiki mapema, kamba ikavutika, mfuko ukajaa ukiwa bado hewani. Lakini utafiti wa Hurt uliofanyika Los Angeles na kutolewa 1981, uliochunguza ajali zaidi ya 900 pale pale zilipotokea, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya ajali zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya mwenye pikipiki. Yaani gari linakata kona mbele yako. Hapo hurushwi kwanza. Gurudumu la mbele linagonga, wewe unasogea mbele ukiwa bado juu ya tangi, kifua kinakutana na bati.

Piga hesabu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 1.4, na kamba haijaanza hata kuvutika mpaka uwe umeshaondoka kwenye siti. Kompyuta inahisi mshtuko wa gurudumu na kuanza kujaza kabla mwili haujafika kwenye gari. Dainese wanataja milisekunde 45 za kujaza. Na ukigongwa kwa nyuma umesimama kwenye taa, faida ni ile ile.

Nasema haya nikijua kabisa kwamba kizibao hakilindi miguu. Anayevaa kizibao juu ya suruali ya kitambaa chepesi nitamwona tu wodini, kwa jeraha lingine.

MlinziWaSeva

Dada (au kaka, samahani), hiyo ya mita 1.4 imenigeuza kichwa. Nilikuwa nalinganisha muda wa kujaa peke yake na kusahau muda wa kamba kuvutika. Basi kwa fizikia elektroniki inashinda. Swali langu linabaki lile lile: nani anashika swichi?

FimuweaSafi

Ni dada huyo, namfahamu hapa kwa michango yake.

Mimi huandika programu za vifaa vidogo vya aina hii (si vizibao), kwa hiyo nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Uamuzi wa kufyatua unafanyika ndani ya kizibao chenyewe. Hausubiri simu wala seva, hakuna mtandao duniani unaoweza kujibu kwa milisekunde chache ukiwa porini. Mtandao unahitajika kwa masasisho na, kwa baadhi ya mipango, kwa kuthibitisha kwamba umelipa. Hicho cha pili ndicho kibovu, na hakina uhusiano wowote na usalama.

Masasisho yana thamani ya kweli. Kanuni ya kutambua ajali inaboreshwa kwa data za safari na ajali za watumiaji, na kizibao ulichonunua kinaweza kutambua aina ya ajali ambayo hakikuitambua mwanzoni. Hilo kamba haiwezi kamwe. Gharama yake ni kwamba mtu ana kumbukumbu ya mwendo wako na ulikopita. Kwa walio Ulaya, Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 12 Septemba 2025 inampa mtumiaji haki ya kupata data inayozalishwa na kifaa chake. Itumieni.

Kwa hiyo nunua cha elektroniki ambacho umiliki wake ni wako moja kwa moja, na kichupa chake unakibadilisha mwenyewe. Vipo ambavyo vikishafyatuka lazima virudi kwa mtengenezaji. Msimu mzima unaweza kupita.

HuruBarabarani

Najua mjadala huu unakoelekea. Leo tunashauriana, kesho mbunge fulani anasimama kutaka kizibao kiwe lazima kwa wote. Tulianza na helmeti, ikaja ABS, breki zinazozuia gurudumu kukwama: Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi sentimita za ujazo 125 kuanzia 2016. Mtu mzima wa miaka hamsini aachwe apime hatari yake mwenyewe. Kila sheria mpya inapandisha bei ya kuingia, na vijana wanaishia kununua vilivyochakaa.

MlinziWaSeva

Mkuu, kuhusu bei nakubaliana nawe, na sitaki kizibao kilazimishwe. Lakini tazama mfano wako mwenyewe. ABS ilipolazimishwa, hakuna aliyeambiwa aikodi. Ipo kwenye pikipiki, inahama na pikipiki ukiiuza, na inafanya kazi hata kama kampuni imefunga milango. Sheria ninayoitaka ni nyembamba kuliko unayoiogopa: kifaa kinachouzwa kwa jina la kulinda uhai kisizimwe kwa mbali kwa sababu ya deni. Unidai mahakamani, unikatie masasisho, unifungie ramani za safari. Kufyatuka kuachwe.

BMW walijaribu kuuza joto la siti za magari kwa malipo ya mwezi, wanunuzi wakakasirika, na mwaka 2023 kampuni ikasema inaachana na mpango huo. Watu walipaza sauti kwa ajili ya siti. Sisi tunazungumzia kifua cha mtu, na tuko kimya mno. Kuwaachia watengenezaji wajiamulie wenyewe nako ni siasa, ila imeandikwa kwenye masharti ya matumizi badala ya gazeti la serikali.

HuruBarabarani

Ukiiweka hivyo, naiunga mkono. Hiyo inambana muuzaji, haimgusi mwendeshaji.

MamaTopeni

Mmesahau wanaotoka nje ya lami. Nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio kwenye mawe, kamba ikiwa fupi inanivuta kila nikiegemea mbele, na nikiirefusha inachelewa kufyatua. Cha elektroniki nacho lazima kiwe na hali maalumu ya njia mbovu, la sivyo kinaweza kudhani kuruka kwako ni ajali. Ulizeni kabla ya kulipa. Anayebeba abiria ajue kila mtu anahitaji kamba yake. Na anayesafiri kwa ndege na kichupa cha gesi aombe kibali cha shirika mapema.

Kwa anayezunguka mjini tu na betri anasahau kuchaji hata ya simu, cha kamba kitamfaa kuliko kompyuta iliyozimika.

MlinziWaSeva

Asanteni sana. Mimi ni wa lami, kazini na kurudi, na mwisho wa wiki safari ndefu. Nachukua cha elektroniki, umiliki kamili, kichupa cha kujibadilishia. Nikifika dukani nitazima simu kabisa na kuomba kiwashwe bila akaunti yoyote. Kikisoma kwamba kiko tayari, nalipa. Kikidai nijisajili kwanza, nachukua cha kamba na kuikubali ile mita 1.4.

KlachiKongwe

Nenda na helmeti yako na jaketi unalovaa kila siku. Kama kizibao kinavaliwa ndani, jaketi liwe na nafasi, maana mfuko ukijaa kwenye nguo iliyobana unaminya mbavu unazotaka kuziokoa. Kaa juu ya pikipiki yoyote watakayokuwa nayo, iname kama unavyoendesha, geuza shingo pande zote. Kola ikigusa helmeti, jaribu saizi nyingine.